Askari wa Pembeni, Subotica 1967

Senta, 4 Januari 1984

Ndugu Fundi Tibor,

Halmashauri Kuu ya Klabu ya Sataranji ya Senta, iliyoketi katika kikao cha dharura chenye wajumbe wanne na paka mmoja, imeniagiza mimi katibu wake nikutangazie, kwa masikitiko yanayostahili, kwamba kiti cha tatu kutoka dirishani hakipo nasi tena. Kilivunjika Alhamisi iliyopita chini ya mweka hazina wetu, Ndugu Lajčo, kilo mia moja na kumi na mbili, alipokuwa akiinuka kumtangazia mpinzani wake kwamba amebakiza hatua tatu afungwe. Mpinzani nilikuwa mimi. Lajčo alianguka, akauvuta ubao, na kwa kuwa hakuna aliyeweza kuapa kete zilikuwa zimekaa wapi, nimeandika daftarini: sare.

Pili, pokea rambirambi zangu kwa Ribli wenu. Mhangaria mzima, miaka thelathini na miwili, mapafu mazuri, amekwenda London kupigwa na Smislov mwenye miaka sitini na miwili. Mzee alipovuka robo fainali ya kumtafuta wa kumkabili bingwa wa dunia, kule Austria, kwa kuzungushiwa gurudumu la kamari baada ya kutoka sare, na kigololi mara ya kwanza kikaangukia sifuri, wewe uliniandikia kwamba bahati ya namna hiyo haifiki mbali. Imefika fainali, fundi. Machi anacheza na Kasparov ambaye angeweza kuwa mjukuu wake. Tangu nisikie habari hizo nimeacha kushika kiuno ninapopanda ngazi za shule. Kama yeye ni mchezaji, sisi wa miaka hamsini na nne ni watoto wa chekechea.

Tatu, na hili ni la kweli. Klabu inatimiza miaka sitini mwezi Juni. Tutatoa kijitabu cha michezo kumi ya kukumbukwa, mmoja kwa kila mtu aliyewahi kukalia ubao wa kwanza, ule wa mchezaji hodari kuliko wote. Wewe uliukalia miaka minne, na kabla yako niliukalia mimi, jambo ambalo vijana wa sasa wakilisikia wanadhani nawatania. Chagua mchezo wako, uniandikie maelezo kidogo. Msalimie Margit, na binti yenu Piroska.

Wako upande wowote wa ubao,
Gavra Pecarski
Katibu, mfagizi, na mshindwa wa kudumu


Stuttgart, 17 Januari 1984

Ndugu Katibu, Mfagizi na hayo mengine,

Tangazo la kiti nimelisoma nikiwa nimesimama, kwa heshima. Lajčo namjua. Akiinuka mapema ujue amekwisha hesabu mara mbili. Sare yako ni wizi.

Ribli mwache. Huwezi kumlaumu mtu kwa kushindwa na Smislov. Yule anacheza kama mtu anayemenya tufaa bila kulikata ganda. Unatazama kisu kinavyozunguka, na unapozinduka tufaa limebaki uchi.

Niko nyumbani tangu Novemba kwa ajili ya mgongo. Benchi langu la karakana ya saa amelikalia mtu mwingine. Nina muda, basi nimefikiri juu ya ombi lako na nimekwisha chagua. Nataka mchezo wa Subotica.

Najua utakunja uso. Vijitabu vyote huchapisha ushindi. Mimi nataka ule nilioshindwa, na maelezo ya kwa nini. Wewe unayajua, lakini watakaosoma hawayajui, kwa hiyo nayaandika kama yatakavyochapwa:

Oktoba 1967, raundi ya mwisho. Nikimshinda Mhandisi Dabižić wa Novi Sad napata cheo cha umahiri, wa kwanza kutoka Senta. Tulianza saa tatu asubuhi. Saa nane mchana, saa tano za mchezo zilipotimia, mwamuzi alisimamisha. Dabižić aliandika hatua yake kwa siri, ikatiwa kwenye bahasha, bahasha ikafungwa, tuendelee kesho. Kama desturi, kila mmoja alikwenda kuupanga upya ubao ule ule chumbani kwake na kutafuta njia. Mimi na Gavra tuliipata: kubadilishana ngome, kila mmoja ale ya mwenzake, wabaki wafalme na askari peke yao. Njia ilikuwa nzuri. Ila kwenye ubao wetu askari wake wa pembeni alikuwa amesogea hatua moja, na amekutana uso kwa uso na askari wangu, hana pa kwenda. Kwenye mchezo wenyewe alikuwa hajatoka nyumbani. Asubuhi nilibadilisha ngome. Wafalme wetu walipokabiliana, mmoja alikuwa lazima aache njia, na wa kuiacha ni yule aliyeishiwa hatua nyingine. Mimi nilikuwa nimeishiwa. Yeye alikuwa na hatua moja ya yule askari. Aliisogeza kwa kidole kimoja.

Mchoro wa ubao niliochora kule hotelini nilikuachia wewe, uko kwenye mafaili ya klabu. Nitumie. Nataka kujua nilikoseaje. Miaka kumi na sita naweka mishale ya saa mahali pake bila kukosea, na siku ile moja nilishindwa kuhesabu miraba minane.

Piroska ametimiza miaka kumi na tisa na ananisumbua nimfundishe. Namwambia macho yake ni mazuri, ayatumie kwa kitu kingine.

Tibor Halász


Senta, 2 Februari 1984

Fundi wangu,

Mafaili ya klabu ni nchi huru inayotawaliwa na panya. Nimeingia na tochi, nimetoka na stakabadhi za makaa za mwaka 1958 na soksi isiyo na mwenyewe. Mchoro wako sijauona. Nitaendelea kutafuta, lakini usiweke matumaini.

Nikuulize, mbona umeng'ang'ania Subotica? Kuna ule mchezo wako na daktari wa meno wa Szeged, ambaye ulimtolea kafara farasi wawili mfululizo naye akabaki ameachama kama wagonjwa wake. Huo ndio wa kuchapa. Wake zetu watausoma, watoto watajivunia. Nani anataka kusoma mchezo wa askari mmoja aliyesogea hatua moja?

Kushindwa kumewapata wakubwa kuliko sisi. Unakumbuka Belgrade, 1970, ulipotoka huko na treni siku nzima ili tukaone Warusi wakipambana na dunia? Tulisimama nyuma kabisa ya ukumbi, na askari wa Spassky akateremka pembeni mwa ubao kama mtu anayeshuka ngazi kwenda kununua gazeti, ngome ikajitupa motoni, na hatua kumi na saba Larsen kwisha kazi. Yule bwana mwenye kofia ya manyoya alikuwa amekwenda msalani. Akarudi akatuuliza, "Wameshaanza?" Ukamwambia, "Wameanza, wamemaliza, na mmoja wao ameshazeeka." Ulicheka mpaka mlinzi akaja. Sijakuona ukicheka vile tena. Basi Larsen, mbele ya dunia nzima, alifungwa kwa hatua kumi na saba, na kesho yake akavaa tai akarudi kucheza. Nawe fanya hivyo. Iache Subotica ilale.

Mto Tisa umeganda mpaka ukingoni, watu wanatoboa barafu kuvua kambare. Lajčo amekatazwa na mkewe kukanyaga barafu, na sisi sote tumeunga mkono.

Mgongo unaendeleaje? Jipake mafuta ya bata mzinga. Hayasaidii, ila yananuka, kwa hiyo unapata kiti peke yako kwenye tramu.

Gavra


Stuttgart, 14 Februari 1984

Gavra,

Mwandiko wangu usikushangaze. Naandikia mapajani, kwenye benchi la hospitali. Ni mgongo, wanautazama tena.

Larsen alijua nani kamfunga. Alikuwa ameketi mbele yake. Mimi sijui.

Nimejaribu kuirudisha ile siku kama ninavyorudisha saa iliyofunguliwa na mtu mwingine, kipande kwa kipande. Nakumbuka nilibaki chini mgahawani nikala supu ya maharage, kwa sababu njaa ilikuwa inaniuma. Wewe ulitangulia chumbani. Nakumbuka nikiingia, ubao uko juu ya kitanda chako, dirisha liko wazi, mtu anapiga zulia uani. Nakumbuka nikichora. Penseli ilikuwa ya kijani. Sikumbuki nikizipanga kete.

Nakuuliza swali moja nawe nijibu mstari mmoja, bila panya na bila bata mzinga. Nilichora nikinakili kutoka karatasi yangu ya mchezo, ile niliyoandikia hatua zote, au nilinakili kile kilichokuwa ubaoni?

Utasema ni jambo dogo. Nisikilize. Baada ya siku ile nilikaa kwenye ubao mara tatu tu, na kila mara nilipotaka kushika kete niliutazama mkono wangu kama mkono wa mtu nisiyemwamini. Ndiyo maana niliacha. Margit anadhani tulihama kwa ajili ya mshahara. Mshahara ulikuwepo, kweli. Lakini nilikuwa siwezi tena kupita mbele ya mlango wa klabu.

Nijibu tu. Nitaridhika na jibu lolote, maadamu ni jibu.

Tibor


Senta, 27 Februari 1984

Tibor ndugu yangu,

Umetaka mstari mmoja, huu hapa: ulinakili kutoka karatasi yako ya mchezo, na kete tulizipanga kwa kufuata mchoro wako.

Ninavyokumbuka mimi ni hivyo. Ulikuwa umechoka, saa tano mfululizo ulikuwa kwenye kiti, penseli iliteleza mraba mmoja. Inamtokea kila mtu. Mimi mwezi uliopita nimeandika kwenye ubao wa darasa la sita kwamba Danube inaingia Bahari ya Adriatiki, na watoto thelathini wakanakili bila kupepesa macho. Hakuna hata mtu mmoja Senta aliyewahi kukulaumu, wala mimi sikukulaumu, unajua.

Sasa tufunge bahasha hiyo. Machi tisa mzee Smislov anaanza na Kasparov kule Vilnius. Mimi nimeweka dau la chupa ya rakia kwa mzee, Lajčo kwa kijana. Wewe je?

Wako,
Gavra


Stuttgart, 16 Machi 1984

Shikamoo Mjomba Gavra,

Ni mimi Piroska. Baba hawezi kuandika tena, na mama hataki kukuandikia kwa sababu anasema akianza atalia, na barua ya machozi baba ataijua hata ikiwa imefungwa. Baba amenikataza nisikwambie, nami nakwambia. Si mgongo. Ni kongosho. Walijua tangu Novemba. Yuko nyumbani, kitanda chake tumekihamishia sebuleni karibu na redio.

Barua zako namsomea mimi. Ya mwisho niliisoma mara mbili kwa sababu aliniambia nirudie ule mstari wa kwanza. Kisha akasema, "Basi ni mkono wangu." Hakusema kwa hasira. Alisema kama anavyomwambia mteja kwamba saa yake haitengenezeki.

Nilimwuliza ni habari gani, akanieleza mchezo wote wa Subotica. Ilimchukua siku mbili kwa sababu anachoka. Nilitoa ubao juu ya kabati, akanielekeza kila kete ikae wapi, na sasa najua zinavyotembea. Kwa hiyo amenifundisha, ingawa yeye anadhani alikuwa ananisimulia tu. Nilipomaliza kupanga alinyoosha kidole, akamgusa yule askari wa pembeni, akasema, "Huyu hapa. Tazama alivyo mdogo."

Kila asubuhi anauliza Smislov amefanya nini. Michezo miwili ya kwanza ni sare, nimemsomea gazetini, akafurahi. Ule wa tatu mzee ameshindwa. Sijamwambia bado.

Kama unaweza kumwandikia, mwandikie upesi. Anapenda barua zako. Anasema ni kama kuketi kando ya tanuri la klabu.

Piroska


Senta, 26 Machi 1984

Tibor wangu,

Piroska ameniandikia. Usimgombeze. Ana kichwa chako na ulimi wa Margit, hapo hakuna wa kumzuia.

Nimeanza barua hii mara nne. Ya kwanza ilijaa utani, ya pili haikuwa na utani hata kidogo na ilitisha kuitazama, ya tatu Lajčo aliimwagia kahawa. Nimemwambia habari zako. Alikaa kwenye kiti kipya, akavua miwani, akakaa hivyo mpaka tulipofunga. Hakucheza. Ameniambia nikwambie kwamba ule mchezo niliouita sare alikuwa anashinda kwa hatua nne, si tatu, alihesabu vibaya. Anataka uwe na habari sahihi.

Nakuja. Shule zinafungwa Mei Mosi, nimeshaulizia treni, nashukia Stuttgart tarehe mbili asubuhi. Nitakuletea paprika ya dada yangu, na chupa ya rakia ya plamu tuliyoizika uani mwaka ule wewe ulipohama. Lajčo ndiye aliyekumbuka tulizika wapi.

Na kuna jambo moja la Subotica ninalotaka kukueleza. Si la barua. Nataka nikueleze kwa mdomo, nimekaa mbele yako, ili ukitaka kunirushia kitu kiwe karibu. Nisubiri, fundi. Wiki tano tu. Tumewahi kusubiriana zaidi ya hapo, kuna barua zangu ulizozijibu baada ya miezi miwili.

Mzee Smislov hali yake si nzuri, lakini bado anacheza.

Gavra


Stuttgart, 11 Aprili 1984

Mjomba Gavra,

Baba alifariki Jumanne, tarehe tatu Aprili, saa nne asubuhi. Barua yako ilifika Alhamisi. Nilimsomea hata hivyo, jeneza likiwa bado sebuleni, nikijua ni upuuzi. Tumemzika hapa. Mama anasema baadaye tutampeleka Senta, lakini alisema vile vile kuhusu sisi wote kwa miaka kumi na sita.

Mechi ya Vilnius imekwisha juzi. Smislov hakushinda hata mchezo mmoja. Kuanzia ule wa tatu kila siku nilikuwa namwambia baba, "Sare." Siku moja alitabasamu, akasema, "Sare nyingi mno, mwanangu." Nadhani alijua.

Nataka kukuuliza kitu. Siku mbili kabla ya kufa alizinduka akaniambia, "Mwulize Gavra nani alizipanga kete." Nikachukua kalamu niandike. Akanishika mkono. Akasema, "Acha. Usimwulize. Amekuwa akiniandikia miaka yote hii."

Mimi nilitii, sikukuuliza. Lakini barua yako ikaja inasema kuna jambo la Subotica. Mjomba, mimi nimeupanga ule ubao tena na tena. Ndio mchezo pekee ninaoujua. Baba ameondoka akiamini kwamba aliyaharibu yote kwa mkono wake mwenyewe, au ameondoka akiamini kitu kingine ambacho hakutaka kukisema. Mimi sijui ni kipi, na wewe unajua zaidi yangu. Kwa hiyo sasa nakuuliza mimi: nani alizipanga kete?

Piroska Halász


Senta, 5 Mei 1984

Mwanangu Piroska,

Nimekaa na barua yako wiki mbili. Tiketi ya Stuttgart niliirudisha stesheni. Karani alitaka kujua sababu ya kuahirisha safari, nikamwambia nimechelewa, akatazama saa yake akanisahihisha kwamba treni ni kesho kutwa.

Nilizipanga mimi.

Nitakueleza ilivyokuwa, na sitatia mzaha, ingawa utaniwia radhi kalamu yangu ikijisahau, imezoea.

Tulipotoka ukumbini baba yako alikuwa na njaa kali. Nilimwambia, "Nenda kale, mimi nitaandaa ubao." Nilichukua karatasi yake ya mchezo, nikapanda chumbani, nikazipanga kete kitandani. Sikuifuata karatasi mpaka mwisho. Nilikuwa nimeutazama mchezo ule saa tano nzima, nikajiona naujua. Sasa, sisi wa Senta tuna tabia moja. Mfalme akishakaa pembeni, tunamfungulia dirisha: askari wa pembeni anasogea hatua moja, ili mfalme apate pa kutokea siku ngome ya adui ikiingia safu ya nyuma. Tulifundishwa hivyo tukiwa wadogo, na asiyefungua dirisha alipigwa rula ya vidole. Mpaka leo klabu nzima tunafungua dirisha hata pasipo haja, watu wa Novi Sad wanatucheka. Dabižić hakuwa wa Senta. Hakulifungua. Mkono wangu ukamfungulia bila kuniuliza.

Baba yako alipopanda, ubao ulikuwa tayari. Tulikaa nao mpaka jua likazama. Njia ya kubadilisha ngome aliiona yeye, na ilikuwa njia ya mtu mahiri, sijaona nzuri kuliko hiyo katika mji wetu. Mwishoni alichora mchoro, ili auweke mfukoni. Alinakili kutoka ubaoni. Mkono wake haukuteleza. Ulinakili sawasawa kile nilichomwekea.

Kama ingekuwa hayo tu, ningemwandikia tangu zamani, tukacheka. Kosa la kete linasameheka.

Asubuhi yake niliwahi kufika. Kwenye ukuta wa ngazi mwamuzi alikuwa ametundika michoro ya michezo yote iliyosimamishwa, kila mmoja na majina yake. Nikasimama mbele ya wa kwetu, na nikamwona yule askari. Yuko nyumbani. Hajasogea. Ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Nilielewa mara moja, mimi si mjinga wa sataranji kama ninavyopenda kujitangaza. Ngome zikibadilishwa, Tibor anakwisha. Ngome zikibaki, ana siku nzima ya kumkaba Dabižić. Mwaka 1971 nilikaa na mchezo ule likizo nzima ya kiangazi na nikahakikisha: angeziacha ngome, angeshinda. Ingechukua hatua thelathini na kitu, lakini angeshinda.

Umeniandikia kwamba najua zaidi yako, na kweli najua, kwa hiyo lazima nikwambie na sababu. Kabla ya baba yako ubao wa kwanza ulikuwa wangu. Yeye alikuja klabu akiwa fundi saa aliyejifunza sataranji jeshini, na ndani ya miaka mitatu alinipita, na hakuwahi hata siku moja kunifanya nijione nimepitwa. Hilo ndilo lililonichoma. Angelikuwa na majivuno ningepata pa kumchukia. Pale ngazini nilijiambia: kama kweli ni mahiri, ataona mwenyewe akikaa kwenye ubao. Nikajiambia: nikimshtua sasa, dakika kumi kabla, nitamvuruga. Nilijiambia mengi kwa dakika chache. Yote yalikuwa na sura ya busara.

Hakuona. Mtu aliyetazama ubao mmoja mchana kutwa akiwekwa mbele ya mwingine unaofanana nao, huona ule wa kwanza. Alicheza hatua zake nne kwa dakika mbili, kwa imani. Na kanuni hazimruhusu mtu aliyesimama pembeni kufungua mdomo saa ikishaanza, kwa hiyo kuanzia hapo nilikuwa na sheria upande wangu.

Jioni ile alitoa mchoro mfukoni, akaulinganisha na karatasi ya mchezo, akasema, "Nimenakili vibaya." Alikuwa ananitazama. Ilikuwa rahisi kusema. Nikamwekea mkono begani, nikamwambia inatokea. Kisha akanipa mchoro nimhifadhie. Sikuuhifadhi. Niliuchoma mwaka ule ule, kwenye tanuri la klabu. Panya wa Senta hawana hatia.

Machi 1968 nilimbebea sanduku mpaka stesheni. Na kuanzia mwezi uliofuata nikaanza kumwandikia barua za kuchekesha. Februari mwaka huu alinipa tena nafasi, aliniomba mstari mmoja, nami nikamwandikia ule uliomsomea mara mbili. Nisamehe kwamba wewe ndiye uliyeusoma kwa sauti yako.

Sijui aliondoka akiamini nini. Nimeyapima yale maneno aliyokwambia, na siku nyingine naona alijua, na kwamba hata hapo mwisho alinistahi. Siku nyingine naona ninajipendelea. Sitaomba uniambie unavyoona wewe.

Kijitabu kinachapwa Juni. Mchezo wa Subotica utakuwamo, na chini yake nitaweka haya, kwa ufupi, na jina langu. Lajčo ameshayasoma. Hajanisemesha tangu Jumatano.

Limebaki lile la ngazini, ambalo sikuwahi kumwambia mtu.

Nilikuwa bado nimesimama mbele ya ule mchoro niliposikia viatu vyake. Alikuwa anapanda haraka, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi na mama yako, mchoro wake mfukoni. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyelala vizuri. Nilisogea hatua moja kushoto, nikasimama katikati yake na ukuta, ili asiione ile karatasi. Mwili wangu ni mpana, ilitosha.

Akaniuliza, "Gavra, unaonaje, tubadilishe ngome?"

Nikamwambia, "Badilisha."

Akanishukuru, akaingia.

Gavra Pecarski